Mji Unakua: Tuache Njia Kabla ya Kujenga



Ndugu wasomaji, akina baba, akina mama na vijana wa parokia zetu, mwezi huu katika ukurasa wa afya tunazungumzia jambo ambalo huenda wengine watasema si la afya. Tunazungumzia mipango ya mji. Mtu anaweza kuuliza: mipango ya mji ni kazi ya wapima ardhi na wakubwa wa halmashauri, inahusiana nini na kuhara kwa mtoto wangu? Inahusiana sana. Mahali nyumba ilipojengwa, mahali choo kilipochimbwa, mkondo yanakopita maji ya mvua na njia anayopita mtoto kwenda shule, hayo ndiyo yanayoamua kwa sehemu kubwa nani ataugua na nani atabaki mzima. Mganga hukutana na ugonjwa ukiwa umekwisha kufika nyumbani. Makazi yaliyopangwa vizuri huuzuia njiani.

Tunaandika tukiwatazama hasa wenzetu wa Kawetele na sehemu zote za pembeni mwa mji wa Tukuyu. Lakini yeyote anayeishi mahali ambapo jana palikuwa shamba na leo panageuka mtaa, na asome kana kwamba tunamwandikia yeye.

Hali yetu ilivyo

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mwaka 1967 katika kila watu 100, waliokaa mijini walikuwa 6 hivi. Mwaka 2022 walikuwa karibu 35. Basi si kwamba tumeongezeka tu, bali pia tumesogeleana.

Huku Rungwe tunajua jinsi kusogeleana kunavyoanza. Mzee ana shamba lake la migomba. Anawagawia wanawe watatu. Mmoja anajenga, wa pili anauza kipande kwa mtumishi aliyehamia, wa tatu anapangisha vyumba. Kila mmoja amefanya jambo la halali, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini baada ya miaka kumi pale palipokuwa na mji mmoja pana nyumba tisa, na kile kinjia cha kupita katikati ya migomba ndicho hicho hicho, kimebanwa na seng'enge huku na huku. Siku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu usiku, gari la wagonjwa linasimama barabarani, naye anabebwa mgongoni mvua ikinyesha.

Hapo ndipo penye hatari. Nyumba mbaya inaweza kubomolewa ikajengwa nyingine. Njia ambayo haikuachwa ni vigumu sana kuipata tena.

Wazee wetu walijua kupisha

Tusidhani kwamba kupanga makazi ni jambo lililoletwa na wageni. Mzungu Joseph Thomson alipita katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, akasifu sana katika maandishi yake usafi wa vijiji alivyoviona na nyumba zilizojengwa kwa ustadi katikati ya migomba.

Tena palikuwa na desturi kubwa zaidi ya usafi. Mama Monica Wilson, mtaalamu aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, ameeleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka. Siku hizo wazee waliwakabidhi vijana uongozi na ardhi, na vijiji vya wazee vilisogea upande ili kuwapisha wanaokuja. Tunajua desturi ile ilikuwa ya wakati wake, na ardhi ya kusogelea sasa haipo. Lakini fikra iliyokuwa ndani yake ni nzuri: kizazi kilichopo kina wajibu wa kuacha nafasi kwa ajili ya kizazi kijacho.

Maandiko nayo yanatupa picha hiyo. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, anapoueleza Yerusalemu uliobarikiwa, hasemi habari za majengo marefu. Anasema juu ya wazee wa kiume na wa kike walioketi katika njia za mji, kila mmoja na fimbo yake kwa sababu ya umri wake mkubwa, na wavulana na wasichana wanaocheza humo. Hicho ni kipimo kizuri cha mji wenye afya. Je, bibi anaweza kuketi nje salama? Je, mtoto anaweza kucheza bila kugongwa na gari wala kukanyaga maji machafu?

Wenzetu wametufundisha nini?

Katika miaka ya 1970 Serikali yetu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vyenye huduma katika miji kadhaa. Dar es Salaam ilipata Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mji wa jirani yetu, Mbeya, ulikuwemo pia katika mpango huo. Serikali haikuwajengea watu nyumba. Iliweka njia, mitaro, mabomba ya maji na mipaka ya viwanja, kisha kila mwananchi akajenga kwa uwezo wake. Mwaka 2021 wachumi wakiongozwa na Guy Michaels wa London walichapisha uchunguzi wao wa miji saba ya Tanzania, Mbeya ikiwa mmojawapo. Waliona kwamba baada ya miaka mingi, maeneo yale yaliyopimwa kabla ya watu kujenga yana nyumba bora, njia zilizonyooka na huduma bora kuliko maeneo ya jirani. Lakini sehemu ambazo zilitengenezwa baada ya watu kujaa hazikupata faida hiyo ya kudumu. Fundisho lake ni wazi. Kuweka njia mapema ni kazi nafuu, na huzaa matunda kwa miaka 30 na zaidi.

Je, waliokwisha kubanana wakate tamaa? Hapana. Katika miaka ya 1990 wananchi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walikuwa wakifurikiwa kila masika. Kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine, wakazi wenyewe, wake kwa waume, walichimba na kujenga mitaro ya mawe na njia za kupitika. Wako ambao ilibidi watoe sehemu ya viwanja vyao. Mafuriko yalipungua. Inawezekana, lakini ina gharama na maumivu kuliko kama nafasi ingeachwa tangu mwanzo.

Na pasipofanyika lolote? Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1854, katika mtaa wa Soho, London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 kwa siku chache tu. Daktari John Snow alionyesha kwamba walikuwa wakichota maji ya pampu moja, iliyokuwa karibu na shimo la uchafu lililovuja. Tusiseme hayo ni ya zamani na ya mbali. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea mikoani. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2018 Watanzania zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 500 walikuwa wamekufa. Ni ugonjwa ule ule, na njia yake ni ile ile: kinyesi cha mmoja kuingia katika maji ya mwingine.

Mambo matano ya kuangalia

1. Choo na maji. Wataalamu wa afya wanashauri choo cha shimo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima au chemchemi, tena kiwe upande wa chini wa mteremko. Chini ya shimo pawe na udongo mkavu, lisifike kwenye maji. Sasa tufanye hesabu. Mtu ana kiwanja cha mita 20 kwa 20. Hata akichimba kisima pembe hii na choo pembe ile ya mshazari, umbali hauzidi mita 28 na kidogo. Tena choo cha jirani kinaweza kuwa karibu na kisima chake kuliko choo chake mwenyewe. Kwa hiyo, mahali palipojaa nyumba, familia moja haiwezi kujikinga peke yake hata ikiwa safi namna gani. Inabidi maji yatoke mbali, kwenye chemchemi ya juu iliyozungushiwa uzio na kulindwa, yaje kwa bomba. Rungwe tumejaliwa milima na chemchemi, na maji hushuka yenyewe bila mashine. Tusijenge juu ya chemchemi hizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hadi maji salama yatakapofika, tuendelee kuchemsha ya kunywa.

2. Maji ya mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma hupata 600 hivi. Nyumba ya bati yenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10 hupokea lita 160,000 kwa mwaka. Hizo ni ndoo 8,000 za lita 20. Nyumba 50 ni lita milioni 8. Zamani mvua hiyo ilinyonywa na udongo wa migomba. Leo inatiririka kutoka batini, inaanguka uani na kushuka kwa jirani wa chini, ikibeba kilicho katika vyoo vilivyo wazi na majalala. Dawa yake ni mtaro ulioachiwa nafasi tangu juu hadi bondeni, nyasi na miti kwenye miteremko, na mifereji batini ya kuingiza maji katika tangi. Hayo ya tangi yatafaa kufua na kuosha, na kupunguza safari za mama na ndoo.

3. Njia. Gari la wagonjwa linahitaji angalau mita 3 zilizo wazi, na mahali pa kugeuzia. Wanapogawana shamba, ndugu watatu wakubaliane kwanza njia itapita wapi, ndipo waweke mipaka. Kama kila upande ukitoa mita 2, njia ya mita 4 imepatikana. Mwenye shamba la mita 40 atakuwa ametoa mita za mraba 80, ambazo ni nafasi ya nyumba moja. Hatusemi ni kidogo. Lakini atakuwa ameinunulia familia yake njia ya gari la wagonjwa, ya gari la zimamoto, ya bomba na ya nguzo za umeme.

4. Barabara kuu. Barabara itokayo Uyole kwenda Kyela na mpaka wa Malawi hupita Tukuyu, na malori mazito hushuka miteremko yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, nazo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hapa nchini Dar es Salaam imeonyesha mfano. Shirika la Amend lilikagua njia za watoto kuzunguka shule za msingi zenye ajali nyingi. Wakaweka matuta, njia za miguu na vivuko, na mahali pengine wakahamisha lango la shule kutoka upande wa barabara kubwa. Ni mambo madogo, lakini watoto waliumia kwa uchache kuliko awali, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya kimataifa ya miji. Tena tukumbuke kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Anayejenga kibanda humo anahatarisha mali yake na maisha ya wateja wake.

5. Uwanja, bustani na hewa. Watoto wanahitaji mahali pa kukimbia. Wazee, vipofu na walemavu wanahitaji njia isiyo na mashimo na mahali pa kupumzikia. Tukibanana sana, na moshi nao hauna pa kwenda. Kwa sababu ya baridi yetu tunafunga madirisha na kuota moto ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto wadogo wengi waliokufa kwa nimonia. Tuache nafasi kati ya nyumba na nyumba ili upepo upite, na jiko liwe na dirisha au bomba la moshi. Bustani ya mboga na migomba michache nyuma ya nyumba ni chakula na ni kivuli. Mji si lazima uue shamba lote.

Mpango usiwadhulumu maskini

Ndugu wasomaji, tunajua kwamba baadhi yenu mmesoma hadi hapa mkiwa na wasiwasi. Mnasema: tukiwaita wapimaji, watatunyang'anya. Wasiwasi huo hautoki hewani. Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ilitengenezewa mpango mzuri mwaka 1976, uliotaka watu waende kwa miguu na kwa mabasi kuliko kwa magari binafsi. Lakini baada ya miaka mingi ya malalamiko ya wananchi juu ya viwanja, mamlaka iliyousimamia mji ule ilivunjwa mwezi Mei 2017. Pia katika viwanja vile vya Dar es Salaam tulivyovitaja, vilivyokusudiwa wenye kipato kidogo, siku hizi wengi wanaokaa humo ni wenye uwezo.

Tunalijua shamba la mizabibu la Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka liwe bustani yake. Bustani ni kitu kizuri, lakini aliipata kwa damu ya mwenye shamba, na Mungu hakunyamaza. Hata leo, mpango unaomfukuza mjane ili wengine wapate mji mzuri si mpango wa afya. Mjane yule atakwenda kujenga bondeni palipo na maji machafu, na ugonjwa utaanzia huko.

Basi tujue haki zetu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi na wananchi waitwe na kusikilizwa mpango unapotengenezwa. Mkutano huo ukitangazwa, twende. Wasiende wanaume tu. Mama ndiye anayejua chemchemi gani hukauka na mtoto huvukia wapi. Wasipokuwepo akina mama, mpango utakuwa na barabara za magari na hautakuwa na kituo cha maji.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyeitwa na Bwana mwaka 2025, alituachia barua Laudato Si' ya mwaka 2015. Humo alieleza kwamba kutunza mazingira ni pamoja na makazi ya watu, nyumba za maskini na usafiri wa mijini, na kwamba wakazi washirikishwe katika mipango inayowagusa. Hivyo mwamini anayehudhuria mkutano wa mtaa hayuko nje ya wito wake.

Tuanze wapi?

Wengine watasema tusubiri Serikali. Tukumbuke mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakusubiri kuletewa. Sisi leo tuna vikundi vilivyo tayari, yaani Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, ambazo hukutana kila juma. Majirani zetu Wamoraviani na Walutheri nao wana vikundi vyao. Kipindupindu hakiulizi mtu anasali wapi, kwa hiyo katika kazi hii tuwaalike wote, pamoja na ndugu zetu Waislamu.

Tunashauri mambo haya manne:

Kwanza, kila jumuiya itembee mtaani kwake siku moja, ichore kwa mkono ramani ya nyumba, vyoo, visima, chemchemi, mikondo ya maji na njia. Tumieni karatasi ya kawaida na penseli.

Pili, familia inayotaka kugawa au kuuza ardhi iwaite majirani na mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, waonyeshane njia na mtaro kabla ya kuchomeka alama za mipaka, na waandikiane. Maneno ya mdomo husahaulika mzee akifariki.

Tatu, ramani na maombi yenu yapelekeni kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, na mwombe mtaalamu wa mipango wa halmashauri aje.

Nne, palipo na mjane, mzee au mlemavu ambaye njia itamgusa, jumuiya imsindikize. Ahamishiwe uzio wake, asaidiwe kuchimba choo kipya, asiachwe kubeba gharama ya wote.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Gari la wagonjwa linaweza kufika nyumba zipi katika mtaa wetu, na zipi haliwezi?
2. Maji ya mvua yanayotoka kwetu yanaishia kwa nani? Yanayotoka juu yanaleta nini kwetu?
3. Watoto wetu wanacheza wapi leo? Watakaozaliwa miaka 20 ijayo watacheza wapi?
4. Ni eneo gani ambalo bado liko wazi, ambalo tukikubaliana mwaka huu tunaweza kuliacha kwa ajili ya njia, chemchemi au uwanja?

Swali la nne ndilo la haraka. Wapeni vijana nafasi ya kulijibu kwanza, kwa maana ndio watakaokaa katika mji huo. Tunawatakia familia zote afya njema na amani ya Bwana.